Wino mwekundu kwenye vitabu vya zamani: ulikuwa wa kazi gani?

binti_mikindani

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya vitabu vya kale.

Babu mzaa mama alikuwa msomaji wa maulidi hapa Mikindani, na ameacha kitabu cha Barzanji (maulidi ya Mtume) kilichoandikwa kwa mkono. Kilikuwa sandukuni, kimefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na karafuu kavu. Mama kanikabidhi mimi kwa kuwa nina duka la stesheni na fotokopi, akaamini nitajua la kukifanyia. Mpaka sasa nimekipiga picha tu kwa simu.

Kinachonishangaza ni rangi. Maandishi yote ni ya wino mweusi, ila weusi wenyewe umeshageuka kahawia, na mahali pengine unasoma kwa kubahatisha. Lakini kila inapoishia sehemu moja kabla ya kuanza nyingine pana mstari mwekundu, na huo wekundu umekoza utadhani umeandikwa juzi. Halafu kurasa za mwisho zina nafasi zilizoachwa wazi, kila moja inatosha mstari mmoja. Panya hawajala, karatasi ni nzima. Hapajaandikwa kitu tu.

Usiku nikaingia mtandaoni, nikakutana na picha za Biblia na vitabu vya sala vya Ulaya vya miaka ya 1200 hadi 1400. Mtindo uleule! Nyeusi, nyekundu, nyeusi. Na vyenyewe vingine vina mapengo kama cha babu. Hao watu na babu wapi na wapi? Sasa nauliza, huu wekundu ulikuwa urembo au ulikuwa na kazi? Mbona haukufifia? Na yale mapengo ni ya nini?

mzee_wa_korosho

Hiyo damu ya mbuzi binti. Wazee walikuwa na mambo yao. Kifunge urudishe sandukuni.

chapwa_lindi

Nyekundu kazi yake inajulikana, muulize mwalimu wa hesabu aliyenisahihishia mimi 😂

Fundi Maandishi

Damu siyo. Damu ikikauka inakuwa kahawia kisha nyeusi, asiyeamini akaangalie koti la muuza nyama jioni.

Mimi ni mwandika mabango, Lindi. Kabla ya hizi mashine za stika, duka likifunguliwa kuanzia hapa mjini mpaka Nachingwea, mlango wake niliuandika mimi au aliyejifunza kwangu. Ujanani nilikuwa kibarua kwenye uchapaji wa wamisionari, na bruda mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akijalidi vitabu alikuwa na majarida ya picha za hizo kazi za kale. Mchana wenzangu wakilala, mimi nilikuwa nakodolea macho herufi. Kwa hiyo hapa nasema kama fundi, wasomi watanirekebisha.

Binti, ulichouliza mwisho ndicho chenye jibu la yote. Anza na mapengo.

Kitabu cha mkono cha Ulaya kilikuwa kazi ya mizunguko miwili. Wa kwanza anakaa na wino mweusi, anaandika mistari mfululizo, akifika penye kichwa cha habari au herufi kubwa ya kuanzia sura anaruka, anaacha nafasi, anaendelea. Hawezi kila baada ya mistari michache aweke kalamu chini, asafishe, achovye wino mwingine, siku itaisha. Akimaliza kurasa nyingi ndipo anakuja mwenye wekundu. Mara nyingine ni mtu yuleyule, mara nyingine ni fundi mwingine kabisa na ujira wake mbali. Huyo anajaza vichwa vya habari, namba za sura, herufi kubwa, alama za kuonyesha jambo jipya limeanza, na anapita akigusa herufi za mwanzo wa sentensi kwa mkwaruzo mmoja mwekundu.

Sasa huyu wa pili atajuaje aandike nini? Wa kwanza anamwachia maagizo. Anaandika kiherufi kidogo mno ndani ya pengo, au maneno yenyewe pembeni kabisa mwa ukurasa, kwa kalamu nyembamba, ili mjalidi akija kukata kingo yaondoke. Hayakuondoka yote. Kuza hizo picha zako: ndani ya herufi kubwa nyekundu, au kandokando yake, mara nyingi utakuta kale kaherufi kadogo keusi bado kamekaa. Na wako mafundi waliolisoma vibaya agizo wakatia herufi isiyo yake, kitabu kikaenda hivyohivyo. Kuna na wale ambao kichwa cha habari kimekuwa kirefu kuliko pengo, wekundu unabanana, unashuka pembeni, unazunguka. Hapo huwa nacheka peke yangu. Kila mwandika bango ameshawahi kufika kwenye neno la mwisho akakuta ubao umekwisha.

Na pengo tupu maana yake fundi wa pili hakufika. Fedha ziliisha, au mwenye kitabu alifariki, au mteja alikitaka haraka. Viko vingi sana huko Ulaya vya hivyo, maandishi kamili, wekundu hakuna.

Kuhusu urembo. Si kweli kwamba ulikuwa urembo, au tuseme urembo ulikuja baadaye ukapanda mgongoni mwa kazi. Fikiria ukurasa wa ngozi ya ndama au kondoo. Ngozi ni ghali, kwa hiyo maandishi yanajazwa ukingo hadi ukingo, hakuna aya, vitabu vingi havina namba za kurasa, jalada halina jina, hakuna ukurasa wa mbele wa kukuambia hiki ni nini. Utajuaje kitabu cha pili kimeanzia wapi? Kwa wekundu. Mstari mwekundu unasema hapa pameishia hiki, hapa panaanza kile. Msomaji anapekua haraka, jicho linaruka kutoka wekundu hadi wekundu. Kwenye kalenda zao za sikukuu za kanisa ilikuwa hivyohivyo, siku kubwa zinaandikwa nyekundu, watakatifu wadogo weusi. Angalia kalenda iliyoning'inia dukani kwako, Jumapili na siku za mapumziko ni rangi gani?

Mambo haya ni makongwe kuliko Ulaya yenyewe. Waandishi wa Misri ya mafarao walikuwa na kibao cha kubebea kalamu chenye vishimo viwili vya wino, kimoja cheusi na kimoja chekundu, na kwenye mafunjo yao ya tiba vichwa vya habari viko kwa wekundu.

Sasa kwa nini haufifii. Huu ndio upande ninaoupenda.

Ule mweusi wao wa kawaida ulitokana na vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni mdudu akishataga mayai. Vinapondwa, vinalowekwa, inatiwa chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ni maji, yanaingia ndani ya ngozi, na kwa kuwa mna chuma, miaka ikipita unageuka kahawia, na ukiwa mkali unakula karatasi mpaka inatoboka. Wekundu ni kitu kingine. Ni unga wa jiwe uliosagwa, ukachanganywa na gundi au ute wa yai, ukakaa juu ya ukurasa. (Ute ulikuwa unapigwa mpaka utoe povu, unaachwa utulie, unachukuliwa ule wa chini. Povu likisumbua walitia nta kidogo ya sikio. Ndiyo, sikio la mtu.)

Na wekundu wenyewe haukuwa mmoja. Wa bei ya chini ulikuwa ngeu. Hii ngeu mnayoijua, udongo mwekundu, ambayo maseremala na mafundi wa majahazi wanapaka kwenye uzi wakapigia mstari kwenye ubao. Maseremala wa Roma nao walikuwa wakipiga mistari kwa uzi na udongo huohuo. Ngeu haifi, imo kwenye michoro ya mapangoni tangu enzi na enzi.

Wa pili ulitokana na madini ya risasi. Risasi inawekwa penye mvuke wa siki mpaka itoe unga mweupe, kisha ule unga unachomwa hadi uwe mwekundu wa machungwa. Mzuri, rahisi, lakini ni mhaini, kwani hewa na mwanga vikiupata unaweza kugeuka mweusi. Ukiona kwenye picha herufi nyekundu imepata madoa meusi, ndio huo wa risasi.

Wa tatu ndio mfalme. Unapatikana machimboni, na Ulaya machimbo makubwa yalikuwa Almadén, Hispania, au unatengenezwa kwa zebaki na salfa. Salfa ileile mnayopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga. Ukichanganya na zebaki unapata donge jeusi, tena baya kulitazama. Unalifunga chunguni, unachochea moto, linapanda kama mvuke na kuganda juu, na ukilisaga lile gando linaanza kuwa jekundu. Kadiri unavyosaga ndivyo linavyokoza. Mchoraji mmoja wa Italia, Cennino Cennini, kwenye miaka ya 1400 hivi aliandika kwamba ukiusaga kila siku kwa miaka 20 utazidi tu kuwa bora. Huyohuyo akaonya watu wanunue donge zima, wasinunue unga uliokwisha sagwa, kwa sababu wauzaji walikuwa wanachanganya na ule wa risasi au na matofali yaliyopondwa. Wafanyabiashara ni walewale.

Cha babu yako hakitakuwa na zebaki ya Hispania, pengine ni wino wa unga wa madukani. Lakini fanya hivi: zima taa, chukua tochi ya simu, ilaze kando ya ukurasa imulike kwa ubavu. Kama wekundu umeinuka una kivuli chake, ni wino wa unga, ndiyo maana umedumu. Kama umelala sawa na karatasi, ni wino wa maji.

Nimeandika sana. Mwisho niseme hili kwa wanaodhani mashine ilirahisisha kila kitu. Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz miaka ya 1450, kwenye kurasa chache za mwanzo alijaribu kuchapa vichwa vya habari kwa rangi nyekundu. Karatasi inapita mara mbili, na mara ya pili isipokaa pale pale imeharibika. Akaacha! Akachapa weusi na mapengo, na mnunuzi akatafute fundi wake wa wekundu. Nakala moja ya Paris ina maandishi ya kasisi wa Mainz aitwaye Heinrich Cremer, anasema ameitia wekundu na kuijalidi, Agosti 1456. Walioshirikiana na Gutenberg kisha wakamgeuka, Fust na Schöffer, wakaja kuchapa Zaburi mwaka 1457 yenye herufi nyekundu na buluu kwa mashine, na mpaka leo waliozoea uchapaji wakiiona wanatikisa kichwa.

chapwa_lindi

Fundi shikamoo. Ile nta ya sikio imeniharibia chakula.

Ustadh wa Sudi

Assalaam alaykum. Fundi amesema vizuri, Allah ambariki. Naongeza upande wetu, maana kitabu cha mleta mada ni Barzanji, si Biblia.

Kwetu wekundu ulianza na kazi nzito zaidi ya kutafutia ukurasa. Misahafu ya mwanzo iliandikwa herufi tupu bila irabu. Inapokewa kuwa Abu al-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alimchukua mwandishi akamwambia achukue rangi isiyofanana na wino wa msahafu. Ukiniona nimefungua kinywa, tia nukta juu ya herufi. Nikikivunja, nukta chini. Nikikikusanya, nukta mbele. Misahafu ya Kufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye nukta hizo nyekundu ipo mpaka leo kwenye makumbusho. Kwa nini rangi nyingine? Ili kilichoongezwa na mwanadamu kisije kikadhaniwa ni sehemu ya maandishi ya asili. Imam Malik inapokewa kuwa aliruhusu nukta kwenye misahafu midogo ya kufundishia watoto, lakini kwenye misahafu mikubwa ya kutegemewa alikataa.

Baadaye vitabu vya sharhi vilichukua njia hiyohiyo. Maneno ya mwenye kitabu kwa wekundu, maelezo ya mshereheshaji kwa weusi, au mstari mwekundu unapita juu ya matini. Mwanafunzi hachanganyi nani kasema nini. Ninyi mliosoma kwenye baraza mmeviona.

Sasa binti, sikiliza. Barzanji imegawanywa sehemu, na kati ya sehemu na sehemu kuna itikio, lile "Attir Allahumma", ambalo msomaji akifika watu wote wanaitikia. Mimi nakuhakikishia mistari yako myekundu ni hiyo. Hebu kaangalie.

Na zafarani msiichanganye na haya. Wino wa zafarani tunauandikia kombe kwenye sahani nyeupe kwa sababu kazi yake ni kuyeyuka, unamimina maji, mgonjwa anakunywa. Kitabu hakiandikwi kwa wino wa kuoshwa.

Linaloniuma ni kwamba Kilwa hapo jirani, Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alikuta mji wa dini na elimu, lakini tarikhi yao ya Kiarabu tunaisoma kwenye nakala iliyoko London, iliyonakiliwa 1877. Mchwa na chumvi ya bahari vimetumaliza. Basi cha babu kitunzwe.

katekista_masasi

Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa Ustadh.

Kwetu kitabu cha misa mpaka leo kiko hivyo na si historia. Cheusi unasema, chekundu unafanya. "Padre anapanua mikono", "wote wanapiga magoti", hayo ni mekundu, hayatamkwi. Kuna kijana tulimpa kuongoza ibada ya Jumapili padre akiwa safarini, kigango kimoja huko ndani. Wasiwasi ukamwingia akasoma kila kilichokuwa mbele yake kwa sauti kubwa: "Hapa kimya kidogo!" Waumini wakaitikia "Amina". Tangu siku hiyo ndilo jina lake, ukifika kigangoni ukiuliza Kimya Kidogo utaonyeshwa nyumba.

Halafu kuna ndugu zetu wanaodhani Biblia zenye maneno ya Yesu kwa wekundu ni desturi ya kale. Hapana, ni ya juzi. Louis Klopsch, mhariri wa gazeti la dini huko New York, alitoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899. Watawa wa zamani wekundu waliuweka kwenye vichwa na maagizo, si kwenye maneno ya Bwana.

mwl_historia

Fundi amenisaidia kipindi kizima cha kidato cha pili. Niongeze kimoja tu: kwa wafalme wa Konstantinopo wekundu ulikuwa sheria. Mwaka 470 Kaisari Leo wa Kwanza alitoa amri kwamba hati yake ni halali ikiwa ametia sahihi kwa wino wake maalumu mwekundu wa zambarau, na mtu mwingine akikutwa ameutengeneza au anao, adhabu yake ilikuwa kubwa kama ya mhaini.

binti_mikindani

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma mara mbili nikaenda kufungua kitabu na mama.

Ustadh, ni kweli. Mistari yote myekundu ni "Attir Allahumma", mama kaitikia kabla sijamaliza kusoma. Na mapengo ya kurasa za mwisho yako palepale panapotakiwa itikio. Fundi, nimelaza tochi: wekundu umeinuka, una kivuli, na penye mkunjo umebanduka kidogo kama rangi ya ukutani. Halafu pembeni mwa mapengo mawili nimeona kialifu na ain ndogo, nyembamba sana, nusu imekatwa. Nilidhani ni uchafu wa kalamu.

Mama anasema babu alikuwa anaandika akiwa na kaka yake, na kaka yake alihamia Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri.

Sasa nauliza la mwisho. Dukani nina mashine ya laminesheni. Nikiitia ukurasa kwa ukurasa si ndiyo itadumu? Na zile nafasi nimwombe Ustadh azijaze?

Fundi Maandishi

Marahaba mwanangu. LAMINESHENI HAPANA. Ile plastiki inashikana kwa moto na gundi, haitoki tena maisha, na huo wekundu ulioanza kubanduka utabaki kwenye plastiki kitabu kikiwa upande wa pili. Mashine ibaki kwa vyeti vya shule.

Usikifunue kwa kidole ulichokilamba. Si kwa ajili ya kitabu tu, wino mwekundu wa unga unaweza kuwa na risasi au zebaki, na vyote ni sumu. Mikono mikavu, safi. Usikibonyeze kwenye kioo cha fotokopi, mgongo utavunjika. Piga picha kila ukurasa, dirisha likiwa ubavuni, bila fleshi, na hizo alifu na ain za pembeni uzipige kwa karibu peke yake. Kanga ya mama ni sawa iwapo haitoi rangi. Karafuu ziweke pembeni mwa sanduku, zisikae kati ya kurasa, zina mafuta. Na sanduku lisiwe sakafuni wakati wa masika.

Nafasi usizijaze. Unaona jinsi ulivyojua kwamba kulikuwa na mtu wa pili?

Ustadh wa Sudi

Mimi sijazi, niliwaza kuandika kwenye karatasi ya pembeni tu. Binti, picha za kurasa za mwisho nitumie, nataka kuona kama huo mwandiko mwekundu nimewahi kuukuta kwenye vitabu vingine vya huku Sudi. Kuna kimoja cha nikahi kwa jirani yangu kina ain kama unavyoieleza.

mzee_wa_korosho

Kwa hiyo si damu.